Paka Aliyezalia Nyumbani Mwetu: Ni Ipi Haki Yake?

Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Juma lililopita, baada ya darasa letu la baina ya magharibi na isha, kijana mmoja aliniletea suala la dada yake anayekaa katika Mji wa Kale wa Mombasa. Suala lenyewe ni hili. Paka asiye na mwenyewe, ambaye huja jikoni usiku kutafuta makombo na hukimbia mara tu amwonapo mtu, amezaa watoto wanne nyuma ya magunia ya makaa katika ghala ya nyumba. Mumewe ataka kumpa kijana gunia awachukue watoto hao akawaache karibu na soko la samaki, na hoja yake ni kwamba huko hawatakosa chakula. Mke hana raha na jambo hili. Auliza: Je, kuna dhambi kuwatoa? Na wakibaki, atawatunza vipi, hali mama yao hashikiki na humfokea kila amkaribiaye?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakasema: Mambo ya Waislamu yamekwisha hata ikawa sisi twaandika habari za paka? Twawajibu kwamba Mtume (S.A.W.) hakuliona jambo hili kuwa dogo, wala maulamaa wetu hawakuliona kuwa dogo walipoliandikia milango katika vitabu vya fiqhi. Na hakuna mtaa katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, usio na paka. Jambo litupatalo sote kila mwaka yafaa tulijue hukumu yake.

DALILI ZA JAMBO HILI

Kwanza, imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Tuangalie kosa lake lilikuwa nini. Hakusemwa kuwa alimpiga wala alimchoma. Alimfungia, hakumpa chakula wala hakumwachilia ajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. Basi dhambi ilikuwa katika kumzuilia kiumbe njia ya riziki yake kisha kumwacha. Na mwenye kuzitafakari hadithi hizi ataona kwamba paka asiye na mwenyewe si lazima tumfanye wetu, lakini ni haramu tumkatie njia yake ya kuishi.

Pili, Abu Daud amepokea kwa Abdullah bin Masud (R.A.) kwamba sahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), wakaona ndege mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda yale. Mama yao akaja akitandaza mabawa yake juu yao kwa huzuni. Mtume alipoona hivyo aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamrisha warejeshewe. Wahenga wetu walisema: Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hadithi hii yatufundisha kwamba uchungu huo mnyama naye anao, na kwamba sisi tutaulizwa kwa kuusababisha.

Tatu, wanavyuoni wa madhhabu yetu ya Imam Shafi wamekataza kumtenga mnyama mchanga na mama yake kabla hajajitosheleza na maziwa, isipokuwa kwa kuchinjwa yule aliwaye. Na paka haliwi; kwa hiyo haubaki udhuru wa kumtenga.

Nne, Kabsha binti Kaab bin Malik (R.A.) alimtilia Abu Qatada maji ya kutawadha, akaja paka kutaka kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo paka akanywa. Alipomwona Kabsha anastaajabu, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, na kwamba yeye ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Hadithi hii imo katika Muwatta ya Imam Malik na katika vitabu vya Sunan. Tazameni alivyohesabiwa: kama mtu wa nyumbani anayeingia na kutoka.

YASIYOKUWA DALILI

Lakini haifai, kwa kupenda jambo jema, tulitetee kwa maneno yasiyothibiti. Imeenea katika ndimi za watu kwamba Mtume alisema kupenda paka ni katika imani. Imam as-Saghani, na baada yake Mulla Ali al-Qari, wameihesabu hadithi hii kuwa ni ya kuzuliwa. Pia husimuliwa kwamba Mtume alikuwa na paka aitwaye Muezza, na kwamba alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe. Kisa hiki hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Kinachofanana nacho husimuliwa juu ya Sheikh Ahmad ar-Rifai aliyefariki mwaka 1182, naye si Mtume. Na kwa upande wa pili, wale wanaompiga paka mweusi kwa kudhani ni jini au ametumwa na mchawi, hao nao hawana asili katika Sharia. Rangi ya paka haimpunguzii haki. Zile hadithi sahihi tulizozitaja zatutosha, wala hatuna haja ya kuongeza uwongo juu yake.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sasa nitasema jambo ambalo ningependelea kulinyamazia, lakini elimu isiyomrudi mwenyewe haina baraka. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana nikisomesha chuoni, paka wa namna hii alizaa katika chumba tulichowekea misahafu na vitabu vikuukuu. Nilichukizwa na harufu. Niliwaamrisha wanafunzi wawili wawatoe watoto wake wawaweke uani chini ya mwarobaini, juu ya kipande cha mkeka. Mama yao hakuwako. Alikuwa amekwenda kutafuta chakula. Sikuwapiga, sikuwatupa baharini, nikaona nimefanya ihsani.

Usiku ule mvua ya masika ilinyesha. Mama alirejea akaingia chumbani kwa dirisha, akalia mahali pale alipowaacha mpaka karibu na alfajiri, nami nikamsikia nikajigeuza upande wa pili nikalala. Tulipotoka msikitini tulikuta wawili wamekufa kwa baridi. Wawili waliobakia mama yao alikuwa anawachukua mmoja mmoja kwa meno, akiwapitisha juu ya ukuta. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia msikiti, asiyejua kusoma, alisimama karibu nami akaniambia: “Mwalimu, si juzi tu ulitusomea ile hadithi ya mwanamke na paka?” Sikuwa na jawabu, na hata leo sina, ila kumwomba Mwenyezi Mungu maghufira.

Nimeyataja haya kwa sababu yule bwana mwenye gunia si mtu mwovu. Ni kama nilivyokuwa mimi. Wengi wetu hatuwaui watoto wa paka kwa ukatili, bali kwa kutojua. Basi tujifunze.

NAMNA YA KUWATUNZA

Paka huchukua mimba siku zipatazo 63 hadi 65. Akikaribia kuzaa hutafuta mahali pa giza, pakavu, pasipopita watu. Watoto huzaliwa vipofu na viziwi, kila mmoja akiwa na uzito wa kiasi cha gramu 100. Macho hufumbuka baina ya siku ya 7 na ya 14. Katika majuma matatu ya mwanzo mwili wao hauwezi kujihifadhi joto lake wenyewe, wala hawawezi kukojoa bila mama kuwalamba. Kutokana na haya itafahamika kwamba mama hana badali. Maziwa yake ya siku ya kwanza ndiyo yanayowapa kinga ya maradhi, na kifua chake ndicho joto lao.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usiwaguse wala usiwahamishe bila dharura. Watu husema mtoto akishikwa na mwanadamu mama humkataa kwa harufu. Hilo si sahihi kwa jumla. Linalohofiwa ni kwamba paka asiyezoea watu akiona mahali pake pameingiliwa, huwahamisha watoto, na katika kuhama huko wengine hupotea au huachwa njiani. Wazuieni watoto wa nyumba wasichungulie chungulie. Ikiwa mahali hapo pana hatari, kama panapopita maji ya mvua, basi wekeni karibu kasha lililolazwa ubavu, ndani yake mna kitambaa kikavu cha pamba, na huenda mama akawahamishia humo kwa hiari yake.

Kanuni ya pili ni kumlisha mama. Paka anyonyeshaye huhitaji chakula mara mbili hata mara tatu ya kawaida yake. Mpeni samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, au nyama au maini kidogo, pasipo chumvi wala viungo. Msimpe mchuzi wenye vitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa paka, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika ikamchoma matumbo. Maji safi yawepo daima, hasa wakati wa kaskazi. Ama maziwa ya ng'ombe ambayo watu hudhani ndiyo chakula chake, aghlabu humharisha. Chakula kiwekwe saa zile zile kila siku, na mtu yule yule mmoja, umbali wa hatua chache kutoka kwenye watoto, kisha aondoke asisimame kumtazama. Baada ya siku kadhaa mama atamjua mtu huyo kwa nyayo zake. Huenda asikubali kushikwa kamwe, na si haki yetu kumlazimisha. Kinachotakikana ni asituogope hata akahama.

Mama akitoweka, msifanye haraka kusema amewaacha. Huenda kutafuta chakula, na akiona watu wamesimama pale hatarudi mpaka waondoke. Ondokeni. Nyunyizeni unga kidogo kuwazunguka watoto, na baada ya saa chache mtazame kama mna alama za nyayo zake. Watoto waliolala kimya na matumbo yamejaa, mama yao yuko. Wakiwa wanalia mfululizo, wamepoa na matumbo yamenywea, hapo ndipo inapobidi kuwasaidia. Kwanza wapashwe joto polepole kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, kwani mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Kisha wapewe maziwa maalumu ya watoto wa paka, ayapatayo mtu kwa daktari wa wanyama, kila baada ya saa mbili au tatu katika juma la kwanza, mchana na usiku. Walishwe wakiwa wamelala kifudifudi kama wanyonyavyo kwa mama, si chali, wasije wakapaliwa. Na kila baada ya kula wapanguswe nyuma kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu ili wapate kukojoa. Mwenye kuyafanya haya atafahamu taabu ya mama yao.

Dawa nazo zina hatari. Msiwapake mafuta ya taa kwa ajili ya viroboto, kwani watajilamba. Wala msitumie dawa ya viroboto ya mbwa, wala msiwape vidonge vyetu vya homa. Parasetamoli humwua paka.

Kuanzia juma la tatu watoto huanza kutembea, na katika la nne huanza kuonja chakula laini. Wakati huu ndio wa kuwazoeza watu. Kuanzia juma la pili hata la saba moyo wa mtoto wa paka huwa wazi kwa mwanadamu. Akishikwa kwa upole kidogo kidogo kila siku, atafugika ingawa mama yake hafugiki. Ukipita wakati huo bila kuzoezwa, kazi huwa ngumu sana. Wasitengwe na mama yao kabla ya kutimiza majuma 8, kisha watafutiwe majumba. Nyumba isiyo na paka panya huitawala, na hilo wenye maghala na maduka wanalijua.

TWAHARA NA AFYA

Huenda mtu akauliza: Na sala zetu? Twasema: Mwili wa paka ni twahara, na jasho lake na mate yake pia. Akionekana amekula panya kisha papo hapo akanywa maji machache, maji hayo yamenajisika. Lakini akighibu muda ambao yamkinika kuwa amekunywa maji mengi na mdomo wake ukasafika, maji anywayo baadaye hayahukumiwi kuwa najisi. Mkojo wake, kinyesi chake na damu ya uzazi ni najisi, na mahali pake paoshwe. Nywele zake zilizotoka, kwa madhhabu ya Shafi, ni najisi, lakini kidogo husamehewa, na zaidi kwa yule asiyeweza kujiepusha nazo. Basi dini haikumtia mtu dhiki katika jambo hili.

Ama afya, mja mzito asishike kinyesi cha paka, kwa kuwa yamkinika mna ugonjwa unaomdhuru mtoto aliye tumboni. Kazi hiyo aifanye mwingine. Na atakayeumwa au kuparurwa na paka asiyejulikana, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na dalili zake zikisha kudhihiri kwa mwanadamu, karibu hakuna aponaye. Kinga yake ni chanjo ichomwayo mapema, si kuandikiwa kombe.

WAKISHA KUKUA

Yabaki jambo moja ambalo huruma peke yake hailitatui. Paka jike aweza kushika mimba tena hata kabla hajawaachisha watoto ziwa, na huzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Tukiwalisha tu bila kuangalia mbele, baada ya miaka miwili mtaa utajaa paka wenye njaa na maradhi, na mwenye gunia atarejea. Je, yafaa kumpeleka kwa daktari wa wanyama afungwe uzazi? Maulamaa wamehitilafiana. Mashafi wa kale hawakuruhusu kuhasi isipokuwa mnyama mdogo katika wale waliwao. Mahanafi wamejuzu pakiwa na manufaa. Na katika maulamaa wa zama hizi, Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin wa Saudia, aliyefariki mwaka 2001, aliona hapana ubaya ikiwa paka wamezidi wakaudhi watu, na upasuaji wenyewe hauwadhuru, kwa kuwa ni bora kuliko kuwaua wakisha kuzaliwa. Sisi twaona kauli hii ina nguvu, maana madhara makubwa huondolewa kwa madogo. Lakini afanye daktari kwa dawa ya kulaza, baada ya watoto kuacha ziwa, wala si kila mtu na kisu chake.

Na gharama je? Twakumbuka kwamba Sultan Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliweka wakfu bustani karibu na Kairo kwa ajili ya chakula cha paka. Karne nyingi baadaye, bustani yenyewe ilipokuwa haipo tena mikononi mwa wakfu, bado kadhi wa mji alikuwa akihesabiwa kuwa ndiye mwangalizi wa paka, na chakula chao kiligawiwa alasiri katika ua wa mahakama. Sisi watu wa pwani twaujua wakfu. Tumewakifu visima, misikiti na mashamba ya minazi. Hatusemi paka watangulizwe mbele ya yatima. Twasema tu kwamba majirani kumi wakichanga kidogo kidogo wataweza kumlipa daktari kwa paka wa mtaa wao, wala hapana atakayefilisika.

JAWABU LETU

Kwa dada yetu aliyeuliza: Moyo wako ulikuongoza sawa. Kuwatoa watoto hao sasa na kuwatupa penginepo ni kumtenga mama na wachanga wake, na mwisho wake aghlabu ni mauti, haifai. Si wajibu juu yako kuwafanya wako, lakini kwa kuwalisha una ujira, kwani Mtume (S.A.W.) alipoulizwa habari ya kumnywesha mnyama alieleza kwamba katika kila kiumbe chenye uhai mna thawabu.

Na kwa bwana wa nyumba: Twakufahamu. Ghala ni yako na harufu ni udhia. Twakuomba majuma 8 tu. Magunia ya makaa yaache yalivyo, mlango uache wazi kiasi cha paka kupita, na lile gunia tupu lifumue ulitandike chini ya kasha lao. Majuma 8 yakisha, njoo baada ya darasa. Mmoja katika wale wanne nitamchukua mimi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, na kwake twaomba taufiki.